Podikasti ya sayansi ya uhalifu: kutengeneza sehemu moja ya dakika 25

Podikasti nyingi za uhalifu huanza na maiti na kuishia na pingu. Katikati msikilizaji huambiwa "vipimo vya vinasaba vilithibitisha", na hadithi inasonga mbele. Mwongozo huu unahusu kile kilichorukwa: vipimo gani, vilifanywaje, na vinaweza kukosea wapi. Mfano utakaotembea nasi ni utafiti wa vinasaba vya pembe za ndovu. Unatugusa Afrika Mashariki moja kwa moja, machapisho yake yanasomeka, na hakuna familia itakayosikia jina la marehemu wao likichezewa hewani.

Kwa mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya kumlisha, tenga wiki tatu hadi nne: mbili za kusoma na kuthibitisha, siku mbili za mahojiano, siku moja ya kurekodi, zilizobaki za kuhariri. Anayemaliza yote wikiendi moja, aghalabu anasoma Wikipedia kwa sauti.

1. Tafuta swali kabla ya kesi

"Ujangili wa tembo" si swali, ni kabati. "Kontena la pembe likikamatwa bandarini, utajuaje tembo waliuawa wapi?" hilo ni swali. Lipime kwa mambo matatu. Linaingia kwenye sentensi moja isiyozidi maneno 15? Kuna mtu aliyelipima kwa vipimo, siyo kwa maoni tu? Na jibu lake lina mahali linapokwama? Hili la tatu ndilo linalobeba kipindi. Jibu lisilo na mpaka huisha dakika ya sita, ukabaki unajaza.

Mfano wa swali zuri lililotokana na aibu: kwa miaka kadhaa polisi wa Ujerumani walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio kama 40, ndani ya Ujerumani, Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika vinasaba hivyo vilikuwa vya mfanyakazi aliyefungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa huua vijidudu, hakuondoi vinasaba. Swali la kipindi hapo ni fupi: pamba safi ni safi kiasi gani?

Kwa sehemu zako za kwanza, kaa mbali na mashine ya kugundua uongo, "ubongo wa muuaji" na kuchora tabia za mhalifu asiyejulikana. Msingi wa utafiti wake ni mwembamba au una ubishi mkubwa, na nusu ya kipindi itaishia kwenye "wataalamu hawakubaliani". Anza na vinasaba, kumbukumbu za mashuhuda, alama za vidole, au wadudu wa kwenye maiti.

2. Soma makala ya utafiti kwa mpangilio wa kinyume

Zitafute kwenye Google Scholar, PubMed Central, na kwa tafiti za huku kwetu, African Journals Online. Makala ikiwa ya kulipia, mwandikie mtafiti barua pepe ya mistari minne. Wengi hutuma nakala bure na kwa furaha. Kisha pitisha kichwa cha makala kwenye hifadhidata ya Retraction Watch uone kama haijafutwa.

Ukiipata, soma muhtasari mara moja tu, halafu ruka hadi sehemu ya mbinu. Huko ndiko utajua sampuli zilitoka wapi, zilikuwa ngapi, na zipi ziliachwa. Kutoka hapo nenda kwenye michoro na majedwali, kisha mapungufu ambayo waandishi wenyewe wameyakiri, kisha nani alilipia. Hitimisho lisome mwisho, maana hitimisho ndipo waandishi hupandisha sauti.

Kwa mfano wetu, makala ni mbili, zote za kikundi cha Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington: moja ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 2015, nyingine Science Advances mwaka 2018. Mbinu yenyewe ni simulizi tayari. Kwanza walikusanya kinyesi cha tembo kutoka sehemu nyingi za bara, kwa sababu kinyesi kina chembe za utumbo zenye vinasaba, na tembo wa eneo moja hutofautiana kidogo na wa eneo jingine. Hapo wakawa na ramani. Kisha walichukua vipande vya pembe zilizokamatwa, wakavigandisha kwa naitrojeni kimiminika na kuvisaga kuwa unga, kwa kuwa joto la kusaga kawaida huharibu vinasaba. Wakasoma alama 16 kwenye vinasaba hivyo na kuzilinganisha na ramani.

Matokeo ya 2015: kwa shehena kubwa zilizokamatwa tangu 2006, sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana ilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani hifadhi za Selous na Niassa. Makala ya 2018 ilikwenda mbali zaidi. Tembo ana pembe mbili, na wafanyabiashara mara nyingi huzitenganisha. Watafiti walipokuta pembe ya kushoto kwenye shehena moja na ya kulia kwenye nyingine, zote zikiwa zimepita bandari moja kwa kupishana miezi michache, walisema shehena hizo huenda zilifungwa na mkono mmoja. Vituo vitatu vilivyojitokeza vilikuwa Mombasa, Entebbe (Uganda) na Lomé (Togo).

Sasa andika kwa kalamu nyekundu kile ambacho utafiti huu hausemi. Vinasaba vya pembe vinasema tembo aliishi wapi. Havisemi nani alimpiga risasi, nani alinunua, wala nani alisaini karatasi za kontena. Hicho ndicho kilele cha kipindi chako, na watangazaji wengi hukipita wakiwa mbio.

Wakati unasoma, jaza karatasi ya madai yenye safu nne: dai, chanzo na ukurasa, uhakika (imepimwa, imekisiwa, au ni maoni), na nani anapinga. Sehemu ya dakika 25 hubeba madai 30 hadi 40. Dai lisilo na chanzo haliingii kwenye maandishi, hata kama "kila mtu anajua".

3. Namba: hapa ndipo vipindi huharibika

Msikilizaji yumo kwenye daladala au anaosha vyombo. Hana karatasi. Namba mbili kwa dakika zinatosha, na atakumbuka moja. Badala ya kumsomea kwamba tembo wa Selous na Mikumi walishuka kutoka 38,975 mwaka 2009 hadi 13,084 mwaka 2013, mwambie: kati ya kila tembo watatu, wawili walitoweka ndani ya miaka minne. Namba kamili ziweke kwenye maelezo ya kipindi.

Namba hatari kuliko zote ni ile ya mfanano wa vinasaba. Mtaalamu anasema: kama mtu huyu hahusiki, uwezekano wa vinasaba vyake kufanana na vya kwenye kielelezo ni mmoja kwa milioni. Mtangazaji anasoma: uwezekano kwamba mtu huyu hahusiki ni mmoja kwa milioni. Sentensi hizi zinafanana sura tu, undugu hazina. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Kwa kipimo cha mmoja kwa milioni, jijini humo tunategemea watu kama watano wenye mfanano huo. Bila ushahidi mwingine wowote, mshtakiwa ni mmoja kati ya watano, na hapo hadithi imegeuka kabisa. Sampuli nzuri na kamili hutoa namba adimu kuliko hiyo kwa mbali, lakini iliyooza au yenye mchanganyiko wa watu watatu inaweza kushuka hadi huku.

Ndugu wa kosa hilo ni kuzidisha. Mwaka 1999 mahakama ya Uingereza ilimtia hatiani mama mmoja, mwanasheria, kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga. Shahidi mtaalamu alisema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni mmoja kwa milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuzidisha mmoja kwa 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba watoto wa tumbo moja, nyumba moja, hawawezi kuwa na kasoro moja ya kurithi. Chama cha kitakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa tamko la kupinga mwaka 2001. Hukumu ilifutwa Januari 2003.

Kanuni ya kufanyia kazi: kila uwezekano unaousoma hewani lazima uanze na neno "kama", na "kama" hiyo isikatwe wakati wa kuhariri. Mhariri anayetafuta sekunde za kupunguza huanza na maneno madogo kama hayo.

Na maneno ya sifa yapimwe vilevile. "Nywele ilikuwa yake" si sawa na "nywele ilifanana na zake kwa darubini". Mwaka 2015 FBI ilitangaza mapitio ya kesi za zamani zilizotumia ulinganishaji wa nywele: katika kesi 268 ambamo ushahidi huo ulimkandamiza mshtakiwa, 257 zilikuwa na maelezo ya kitaalamu yaliyovuka mpaka wa sayansi. Hiyo haimaanishi wote 257 walionewa. Baadhi walikuwa na ushahidi mwingine mzito. Ukiitumia namba hiyo, tumia na tahadhari yake.

4. Kesi halisi: soma hukumu yenyewe

Gazeti ni dira tu. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti za Kenya Law na TanzLII. Ukifungua, tafuta mashahidi wa mashtaka waliopewa alama PW1, PW2 na kuendelea; mmoja wao atakuwa mtu wa maabara, kwa Tanzania mara nyingi kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Soma alichosema, kisha alichoulizwa na upande wa utetezi. Halafu fuata safari ya kielelezo: nani alikichukua, nani alikifunga kwa lakiri, kililala wapi usiku wa kwanza, nani alisaini kukipokea. Kesi nyingi hufia kwenye mnyororo huu wa utunzaji huku kipimo chenyewe kikiwa hakina doa.

Kabla ya kurekodi, hakiki rufaa, na uihakiki tena siku ya kutoa kipindi. Mwaka 2016 mfanyabiashara mmoja alihukumiwa Mombasa miaka 20 kwa pembe za zaidi ya tani mbili. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Aliyetegemea magazeti ya 2016 anamwita mhalifu mtu aliyeachiwa na mahakama, na hapo kesi inayofuata inaweza kuwa yako.

Msamiati ushike: mtuhumiwa hajafikishwa mahakamani, mshtakiwa amesomewa shtaka, aliyetiwa hatiani amehukumiwa. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, zungumzia mbinu ya kipimo na uache kabisa kupima ushahidi wa kesi hiyo. Watoto na waathirika wa ukatili wa kingono usiwataje, wala usitoe mtaa, shule au kazi vitakavyowatambulisha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinagusa taarifa za afya na za kibaiolojia, kwa hiyo ripoti ya maabara uliyonong'onezewa usiisome. Kwa wa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zilirekebishwa 2022; waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa maandishi kipindi chako kinaangukia kundi gani la leseni.

5. Mahojiano

Mtaalamu wa maabara ya serikali hawezi kuongea kwa kupigiwa simu tu. Andika barua rasmi kwa mkuu wa taasisi, taja maswali, na anza mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Mtafiti wa chuo kikuu ni rahisi zaidi. Salamu zifanyeni kabla ya kubonyeza kitufe. Hewani muite kwa cheo chake, Daktari au Profesa, na ofisa wa polisi muulize mwenyewe anataka aitweje.

Utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa 1974 ni wa kumfundisha kila mhoji. Wanafunzi walionyeshwa filamu ya ajali, wakaulizwa magari yalikuwa kwenye mwendo gani. Waliosikia kitenzi chenye maana ya "yalipobamizana" walikadiria wastani wa kilomita 65 kwa saa. Waliosikia "yalipogusana", 51. Filamu ilikuwa ileile. Kwa hiyo usiulize "Vinasaba viliwanasaje majangili?" Swali hilo limeshajijibu. Uliza "Matokeo yalionyesha nini?"

Maswali yanayozaa zaidi: Sampuli ilikufikia katika hali gani? Kipimo hiki hukosea mara ngapi, na mnajuaje? Ulijua polisi wanamshuku nani kabla ya kupima? (Hili lisiache, mtaalamu anayejua jibu linalotarajiwa hukosea kuelekea huko bila kukusudia.) Nini kingekufanya ubadilishe maoni? Ukimaliza, nyamaza sekunde tatu. Mara nyingi jambo bora husemwa kuziba ukimya huo.

Atateleza kwenye Kiingereza, hilo halikwepeki. Mkubaliane mapema maneno kumi: vinasaba, sampuli, kielelezo, mfanano, kiwango cha makosa, na kadhalika. Akizama, mwombe aeleze kama anavyomweleza mzee wa baraza mahakamani. Wengi wameshafanya hivyo kizimbani na hubadilika papo hapo.

Mgeni akiwa mbali, ongea naye kwa simu au intaneti, lakini arekodi sauti yake mwenyewe kwa programu ya kurekodi ya simu yake, simu ya pili ikiwezekana. Mwanzoni wote mpige kofi moja kwa pamoja. Mlio huo ndio utakaolinganisha mafaili. Faili alitume kama dokumenti. Akilituma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, litabanwa na herufi "s" zitasikika kama mchanga. Kwenye mahojiano ya saa nzima, rekodi mbili zinaweza kupishana kidogo kidogo, hivyo pigeni kofi tena mwishoni.

6. Andika kwa ajili ya sikio

Maneno ya Kiswahili ni marefu. Kusoma kwa utulivu ni kama maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Dakika 25 zenye dakika 9 za mgeni zinahitaji maandishi ya maneno 1,800 hivi. Mgawanyo unaofanya kazi kwa pembe: dakika 2 bandarini na swali, 5 ramani ya kinyesi, 6 maabara na jozi za pembe, 4 matokeo, 6 yale ambayo vinasaba haviwezi kusema, 2 za kufunga. Ona kwamba mipaka imepewa muda sawa na maabara.

Sentensi isizidi pumzi moja. Jina la mtaalamu na kazi yake vitangulie maneno yake, maana sikio halirudi nyuma kutafuta "alisema nani". Muziki wa kutisha usiweke chini ya maelezo ya kipimo. Unahukumu kabla ya ushahidi kusikika.

7. Kurekodi

Maiki iwe umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, ili "p" na "b" zisiipige kwa upepo. Chumba kidogo chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko sebule ya vigae. Zima feni na friji (weka funguo zako ndani ya friji, hutasahau kuiwasha). Paa la mabati na mvua havipatani na kazi hii, ahirisha. Angalia pia saa za adhana na za shule jirani kutoka.

Rekodi kwa WAV, 48 kHz, biti 24, vilele vikicheza kwenye desibeli -12. Saa moja ya sauti ya chaneli moja itakula takriban MB 520, hivyo hakikisha nafasi. Ukigusa sifuri, sauti inapasuka na hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Maliza kwa sekunde 30 za ukimya wa chumba kilekile. Utauhitaji kuziba mashimo ya uhariri.

8. Kuhariri

Audacity ni bure na inatosha. Kata kwanza maana, kisha "eeh" na vikohozi. Kupunguza kelele kusizidi desibeli 6 hadi 12, la sivyo mgeni ataongea kama yuko ndani ya pipa la maji. Usiunganishe nusu ya jibu moja na nusu ya jingine. Kwenye kipindi cha ushahidi, hiyo ni kughushi. Ukimaliza, sikiliza huku karatasi ya madai ikiwa mkononi, ukiweka alama kila dai linapopita, na umtumie mtaalamu sentensi za kisayansi tu azihakiki. Usimpe kipindi kizima akihariri.

Ngazi ya sauti: LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) -19 kwa chaneli moja au -16 kwa stirio, kilele kisizidi desibeli -1. Toa MP3 ya chaneli moja, 64 hadi 96 kbps. Kwa dakika 25 hiyo ni MB 12 hadi 18, na msikilizaji wa bando ataihisi tofauti ya hizo sita.

9. Kutoa na kusahihisha

Kwenye maelezo weka viungo vya makala na hukumu, namba kamili, na anwani ya kupokea masahihisho. Ukikosea jambo dogo, rekebisha faili na uandike tarehe ya marekebisho. Ukikosea jina, hadhi ya kesi au uwezekano, hilo halitoshi: walioshapakua wana faili la zamani kwenye simu zao. Lisomwe sahihisho mwanzoni mwa sehemu inayofuata, kabla ya muziki, ukitaja ulichosema, kilicho sahihi, na dakika kilipotokea.